Alama ya Chaki ya Fundi Dauda

Friji zote za mjini Gisenyi, na hapa sitii chumvi sana, zimewahi kusikilizwa na Fundi Dauda. Nasema kusikilizwa, si kutengenezwa. Mzee huyu haanzi na bisibisi. Kwanza anavua kofia, analaza sikio ubavuni mwa mashine, anafumba macho, na ole wako ukohoe. Akishasikia ya kutosha, ama anasema "itapona," ama anachora ekisi ya chaki mlangoni. Ikishachorwa, basi. Alhamisi lori la Jovia, yule binti wa vyuma chakavu, linakuja kuibeba, inaenda kukatwakatwa, chuma huku, plastiki kule. Kwa miaka thelathini na moja Dauda hakuwahi kufuta ekisi hata moja, na hilo hakuchoka kukukumbusha.

Alhamisi moja, Mukabera alimfikia na friji juu ya mkokoteni. Mukabera anauza maziwa na mtindi kule Nengo. Maziwa yanatoka Nyundo alfajiri, na bila friji yanaharibika kabla ya adhuhuri. Yake ilikuwa friji ya siku hizi, zile zenye programu ndani, ambayo Dauda anaiita "karani." Karani huyo anakaa kwenye kibao cha umeme, anaandika kila joto na kila hitilafu, na ukimuuliza kwa simu anajibu. Dauda hakuwahi kumuuliza. Alikuwa na sikio lake.

"Mzee Dauda, uniambie ukweli," Mukabera alisema. "Hii ikikufa, mi nafunga duka. Sina ya pili."

Friji ilikuja imevaa. Ndiyo, imevaa: kitambaa cheupe cha maua, kilichofumwa kwa mkono, kimeifunika kuanzia juu hadi karibu na miguu, mbele na nyuma. Na Dauda ni mtu wa adabu. Hagusi mashine ya mtu kabla ya kuivua kitambaa chake, kukikunja vizuri na kukiweka mahali safi. Akakikunja, akakiweka juu ya kiti. Kisha akachomeka waya, akalaza sikio. Mota ikashtuka, tak, ikanyamaza. Tena tak, kimya. Sauti hiyo aliijua tangu ujana wake.

"Pole, Mama Igihozo. Mota imekufa." Akachora ekisi.

Mukabera alikaa kwenye ngazi za karakana, mikono mapajani.

Haukupita muda, Jovia akaingia na lori. Akapakia friji mbili za Dauda zilizokuwa zikimsubiri tangu juzi, halafu akaifikia ya Mukabera. Siku hizo alikuwa ameanza utaratibu mpya: friji yenye karani aiulize kwanza ni vipuri gani bado vina uhai, visije vikapotea bure. Akasogeza simu mlangoni, akasoma. Akasoma tena.

"Mzee, inasema mota ni nzima."

"Haiwezi."

"Sikiliza mwenyewe. 'Mota ni nzima. Nimeizuia mimi ili isiungue. Tangu wiki ya pili ya Juni joto halitoki nyuma. Kabla ya kunikata, tazama kilichoziba.'"

"Bon, sasa friji zinajitetea," Dauda alisema. Wapita njia wakacheka, naye akacheka nao, ila kwa midomo tu.

Mukabera akainua uso. "Juni? Ni Juni ndiyo mutoto yangu Igihozo aliolewa. Mbele ya kuenda, aliniachia kile kitambaa. Alikifuma yeye mwenyewe, miezi tatu. Donc nikasema friji nayo ipendeze, wateja waone kazi yake."

Dauda akageuka, akakitazama kitambaa pale kwenye kiti, kimekunjwa vizuri na mikono yake mwenyewe. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Ugonjwa alikuwa ameushika mkononi, akaukunja, akauweka pembeni kwa heshima zote.

Akachukua brashi, akapiga magoti nyuma ya friji. Nyuzi na vumbi vilikuwa vimejaa kwenye mabomba membamba na kuibana feni, haizunguki kabisa. Alisafisha nusu saa nzima, na Jovia, ambaye alikuwa na haraka zake, akazima lori akangoja. Waya ukachomekwa. Tak. Kisha ngurumo ndogo, tulivu, ikaendelea bila kukatika. Mukabera akaweka kiganja mlangoni, akalia bila kujificha.

Dauda akaifuta ekisi kwa mkono wa shati lake.

"Nilikosea," alisema, na alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia.

"Na kitambaa?" Mukabera aliuliza.

"Kikunje mara nne, ukiweke juu tu. Nyuma iache ipumue."

Jovia akawasha lori. Halijasogea, Dauda akasimama mbele yake, mkono juu.

"Zile mbili za juzi. Iko yenye karani?"

"Moja inaye. Sikuiuliza, nilikuwa na haraka."

"Ishushe."

Wakaishusha, na ekisi yake mlangoni, nyeupe kabisa. Dauda akavua kofia, akalaza sikio, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Halafu akainuka, akamnyooshea Jovia mkono kuomba simu.

"Nionyeshe, binti yangu," alisema. "Huyu anaulizwaje?"