Limetulia, Halijapona

Hakuna swali linaloniudhi kama "Umepona?" Watu wanaliuliza kwa upendo, najua, na ndiyo maana siwezi kuwajibu kwa ukali unaonijaa kooni. Nikisema ndiyo, nimedanganya. Nikisema hapana, wananitazama, wanaliona jicho langu jeupe, bila wekundu, wanadhani najidekeza. Kwa hiyo nasema "Namshukuru Mungu," jibu ambalo kwetu linafunga mjadala wowote, kisha naendelea kusuka.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo Sombetini. Kazi yangu ni mistari: kugawa nywele kwa kitana chenye mkia, mstari unyooke kutoka kwenye paji la uso mpaka kisogoni. Jicho la kushoto lilipoanza kuuma, miaka michache iliyopita, likawa jekundu na kuuchukia mwanga, nilidhani ni vumbi. Sombetini vumbi halikosekani. Kisha ukungu ukaingia ndani ya jicho, na mistari yangu ikaanza kupinda kama njia ya ng'ombe.

Daktari wa kliniki ya macho ni binti mdogo kwangu kwa umri. Aliniangalia kwa mashine yake muda mrefu, halafu akasema humo ndani hakuna mdudu wala uchafu. Kinga ya mwili wangu mwenyewe ndiyo inayolishambulia jicho, panavimba kwa ndani, na kila pakivimba pasipotibiwa haraka panabaki kovu. Akanipa matone ya kuweka kila saa, ya kupunguza kidogo kidogo baadaye, na vidonge. Akasisitiza nisikatishe hata nikijisikia vizuri.

Nikamuuliza nitapona lini. Akasema ugonjwa huu una tabia ya kutulia kisha kurudi. Wengine hutulia miezi, wengine miaka. Nikamuuliza mimi niko kundi gani. Akasema hakuna anayejua. Nilitoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia. Mtu amesoma miaka yote ile, halafu ananiambia hajui.

Saluni nako kila mtu ni daktari. Mmoja aliniambia nidondoshee maziwa ya mama anayenyonyesha. Mwingine akaleta karoti kwenye mfuko. Kuna dada aliyekuja kusukwa mtindo wa twende kilioni, tukafika katikati ya kichwa, akaniona jicho kwenye kioo. "Dada, hayo macho mekundu hayaambukizi?" Nikamweleza kwa utaratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kitambaa juu ya kichwa chake kilichosukwa nusu, akaondoka. Nilipoanza kuvaa miwani nyeusi wakasema najificha. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," mteja mmoja alinitupia, na huyo nilikuwa nimemweleza maradhi yangu mpaka nimechoka.

Baada ya miezi mingi ya dawa, jicho likatulia. Nikaenda kumsalimia mama, ambaye anaishi mlimani, kwenye shamba la kahawa na migomba aliloachiwa na baba. Hakusubiri hata niketi. Alinigeuza uso juani, akanivuta kope kwa kidole gumba kinachonuka moshi.

"Limekuwa jeupe."

"Limetulia, mama."

"Jumapili tunashukuru."

Kwenye usharika wetu mtu akitendewa jema hupeleka mazao au mfugo kanisani, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada pale nje. Anayeshinda mara nyingi hakichukui kitu chake. Hulipa, akakirudisha kiuzwe tena, na kuku mmoja anaweza kuuzwa mpaka akachoka kubebwa. Naipenda sana desturi hiyo inapomhusu mtu mwingine.

"Mama, halijapona," nilimwambia. "Limetulia tu."

"Kutulia na kupona vina tofauti gani kwa mtu anayeona?"

Hasira ikanipanda. Nikamwambia bado naweka dawa. Akasema dawa niweke, nani amenikataza, lakini Mungu asisubirishwe mlangoni. Jumapili hiyo alipeleka mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu. Akasimama mbele ya usharika mzima na kusema, "Mwanangu amepona jicho." Nami nilikuwa nimesimama pembeni yake, kichwa nimekiinamisha, kama mtu anayenyenyekea. Nilikuwa nasaga meno.

Mnadani, jogoo alinunuliwa na jirani yetu mwenye duka la pembejeo. Akamrudisha, akamnunua tena, watu wakampigia vigelegele. Kila aliyenipa mkono aliniambia hongera, kana kwamba nilikuwa nimefaulu mtihani.

Kahawa ilikuwa haijaanza kuiva jicho liliporudi. Nilikuwa namsuka mteja, mlango ukafunguliwa, na mwanga ulioingia ukanichoma mpaka nyuma ya kichwa. Nilijua papo hapo. Nikaanza tena matone ya kila saa, na nikaacha kwenda mlimani. Nilimwambia mama kwenye simu kwamba wateja ni wengi.

Lakini siku ya soko Ngaramtoni, nikiwa nachagua maharage, nikasikia naitwa. Alikuwa yule jirani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akainama kuchungulia pembeni ya miwani.

"Si ulipona wewe? Mimi ndiye niliyemnunua yule jogoo."

Alisema kama mtu aliyeuziwa saa mbovu. Nikamjibu namshukuru Mungu, nikaondoka bila maharage.

Hazikupita siku mbili, mama akatokea mlangoni mwa saluni. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaniambia nivue miwani.

"Nani alikuambia uache dawa?"

"Sijaacha hata siku moja."

Hilo ndilo lililotushinda wote wawili. Ningekuwa nimeacha dawa, tungekuwa na wa kumlaumu, angenigombeza, nami ningeahidi kujirekebisha. Sasa nilikuwa nimetii kila kitu na jicho limerudi vilevile.

"Basi twende kwa huyo daktari wako," akasema. "Aniambie mimi."

Kliniki iko ghorofani. Muuguzi aliniwekea dawa ya kupanua mboni, nikapimwa, kisha tukaketi mbele ya yule binti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtoto huyu ameweka dawa zako zote. Kwa nini jicho limerudi?"

Daktari akaeleza yale aliyonieleza mimi, taratibu, bila kuangalia saa. Mama hakumkatiza. Mwisho akauliza lile ambalo mimi, pamoja na ukali wangu wote, sikuwahi kuthubutu kuliuliza.

"Atapofuka?"

"Siwezi kukuapia, mama. Lakini akija bila kukosa, na tukiuwahi ugonjwa kila unaporudi, nategemea ataendelea kuona, na kusuka. Huenda mbele ya safari tukamtoa mtoto wa jicho. Presha ya jicho tutaipima kila akija."

"Akija mpaka lini?"

"Maisha yake yote."

Mama akajifunga upya kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea. Mimi sina mume wala mtoto, na wote watatu mle chumbani tulilijua hilo.

"Maisha yake yote mimi sitakuwepo," akasema, kwa sauti ya mtu anayekuambia chumvi imeisha. Kisha akanigeukia. "Nilitaka nikuache umepona."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, "Nilikuambia halijapona," yamekaa tayari ulimini. Badala ya kuyasema, nikamfungulia mlango.

Tulipotoka, dawa ya mboni ilikuwa imeshakolea. Mwanga wa nje ulinipiga usoni, na ngazi zote zikawa kitu kimoja cheupe. Mama akanishika kiwiko. "Shuka," akasema. "Tena. Tena." Magoti yake hayapendi ngazi. Niliichukia kliniki kwa kuwekwa ghorofani, nikamchukia daktari kwa kusema kweli. Tukafika chini, mama akaegemea ukuta kutafuta pumzi huku hajaniachia kiwiko, na hapo nikamkasirikia yeye, mama yangu, kwa kuzeeka.