Mume Wangu Alimsimanga Mdogo Wangu Klabuni, Sasa Anataka Nisimame Naye Jukwaani

Admin, salamu kwako na kwa wote mnaopita hapa. Nakuomba unifiche kabisa, maana Waswahili wa Toronto tunajuana hadi kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, Mtanzania, nina mume na watoto wawili, tunaishi Weston. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mume wangu yuko ofisini kule Don Mills, ni raia wa hapa siku nyingi, mimi nilimfuata baada ya ndoa.

Mume wangu anapenda siasa. Alipojiunga na klabu ya wahafidhina ya mtaani kwetu sikuwa na neno. Mengi wanayosema hata mimi nayakubali: kodi ipungue, mzazi awe na sauti kwenye shule ya mwanawe. Wakikutana napika sambusa na chai ya tangawizi, na wamenipokea vizuri. Kwa hiyo naomba msije kuwatukana hapa. Ugomvi wangu ni na mtu ninayelala naye kitanda kimoja.

Nina mdogo wangu, nitamwita Rehema ingawa si jina lake. Alikuja huku kwa viza ya matembezi akiwa amemkimbia mume aliyekuwa akimpiga na kutishia kumuua. Kule nyumbani alikwenda polisi mpaka akachoka, kumbe wakubwa wa kituo walikuwa marafiki wa yule bwana. Mimi na mume wangu ndio tuliompokea uwanja wa ndege. Alipofungua mtandio tukaona makovu ya shingoni, na mume wangu alilia kuliko mimi. Akamwambia, "Shemeji, hapa umefika. Nihesabu kama kaka yako wa kuzaliwa." Ni yeye aliyemshauri aombe hifadhi ya ukimbizi, na ni yeye aliyejitolea kuwa shahidi siku kesi itakaposikilizwa.

Basi mwezi uliopita klabu iliitisha mjadala kuhusu sera ya uhamiaji, na siku hiyohiyo walikuwa wanachagua mtu wa kuwasemea wahamiaji ndani ya klabu. Mume wangu alikuwa anaitaka sana nafasi hiyo. Nikaenda na binti yetu, na Rehema akaja kunisaidia kugawa chai. Watu walizungumza kwa adabu. Mmoja alisema nyumba za kupanga hazitoshi, mwingine akasema sawa, lakini anayekimbia kifo hatumfungii mlango. Kisha mume wangu akasimama.

Akasema kwa Kiingereza, "Mimi ni mhamiaji na nilifuata utaratibu. Lakini wapo wanaokuja kutembea, wakishaona friji imejaa wanatunga hadithi za kupigwa na waume. Haya sikuyasoma magazetini. Mmoja anakula mezani kwangu kila siku."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Mimi niligeuka kumtazama mdogo wangu. Rehema alikuwa palepale nyuma, ameshika birika, na mume wangu alijua yupo. Alidhani hasikii Kiingereza, kwa sababu hajawahi kumuuliza anakwenda wapi kila asubuhi. Anakwenda shule ya lugha. Alielewa neno kwa neno. Akaweka birika mezani taratibu, akavaa koti lake, akatoka nje kwenye theluji bila kumwangalia mtu.

Nilimfuata, akaniambia, "Dada, rudi ndani. Usiaibishe ndoa yako kwa ajili yangu." Kwangu hakulala tena. Amejibana kwa rafiki yake wa kanisani, Mount Dennis.

Tukiwa kwenye gari binti yangu, ambaye siku zote namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, aliuliza kwa Kiswahili kabisa, "Baba, kwa nini umemsema mamdogo?" Baba yake akaongeza sauti ya redio.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Uliyaona yale makovu kwa macho yako."

Akanijibu, "Mama watoto, ile ni siasa. Sikumtaja jina. Nikipata nafasi nitawasaidia wengi, hata yeye."

"Na ushahidi uliomwahidi?"

Akasema, "Hilo sasa haliwezekani. Nitaonekana nina ndimi mbili."

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposikia kitu kinakatika ndani yangu. Maneno ya jukwaani labda ningeyameza. Lakini kesi ya mdogo wangu inakaribia, na kaka aliyejinadi uwanja wa ndege amemwacha mkono, kwa sababu ya cheo ambacho hata mshahara hakina. Ndiyo, alikipata.

Sasa klabu imeandaa hafla ya kumkaribisha kwenye nafasi yake. Mwenyekiti wao, mama mmoja mzungu mstaarabu sana, amenipigia simu mwenyewe akiniomba nisimame pembeni ya mume wangu niseme machache kuhusu maisha ya familia ya wahamiaji. Yule mama hajui lolote. Mume wangu ameshanitayarishia maneno ya kusema. Mama mkwe amepiga simu kutoka Moshi: "Mwanamke hamvui mumewe nguo hadharani." Rehema naye ananisihi nisiseme kitu.

Ushahidi nitautoa mimi, hilo halina mjadala. Ninachoshindwa ni hiyo hafla. Nikisimama nikasema ukweli, ndoa yangu imekwisha na watoto wataona. Nikienda nikatabasamu, nimemsimanga mdogo wangu mara ya pili, safari hii kwa mdomo wangu. Nikikaa nyumbani, uongo wake unabaki kuwa ndio ukweli mtaa mzima.

Mnaosoma, hasa mliokaa kwenye ndoa muda mrefu, niambieni mngekuwa mimi mngefanyaje. Ila nawaomba kitu kimoja: msiniambie nivumilie. Hilo nimeshaambiwa na kila mtu.