Nilivyokwenda Dubai Kuulizia Kifo cha Kioko

Ninyi vijana wa hapa kwetu mliokuwa mkijaa kwa banda la video la Mbithi kumsikiliza Kioko, haya nayaandika kwa ajili yenu. Wengine mmesikia nusu, wengine mmeongeza yenu. Kaeni chini msome mpaka mwisho, na anayejua kusoma amsomee asiyejua. Sitaki kusimamishwa njiani kuulizwa.

Kwa asiyemjua, Kioko alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Mutua. Alikwenda Dubai kuwa mlinzi, akawekwa kulinda magari kwenye uwanja wa wazi. Kazi yake nyingine mnaijua kuliko mimi. Alichukua filamu za wageni, akazisimulia kwa Kiswahili juu ya picha, akazituma nyumbani kwa simu. Lugha za hao watu hakuzijua hata moja. Aliangalia midomo inavyokwenda, akatia maneno yake, nanyi mkacheka mpaka mkakojoa.

Habari ya kifo chake ilifika vibaya. Simu ya kwanza ilitoka kwa mtu waliyekaa naye, ikasema Kioko amejifungia ndani akafa. Simu ya pili ilitoka kwa kampuni yake, ikasema alikutwa kitandani. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli yote. Wazee wa ukoo wakashika lile la kwanza. Wakasema mtu aliyejifungia akafa amejiua, na aliyejiua haombewi wala halali karibu na baba yake. Wakaenda wenyewe kuonyesha mahali, kule chini penye korongo, mahali tunapotupa mizoga ya ng'ombe. Mama yake Kioko alianguka hapo hapo uani, ikabidi abebwe ndani. Basi nikasema nitakwenda mimi, nijue mtoto alikufaje, na nirudi naye. Pasipoti nilikuwa nayo. Kioko ndiye aliyenishurutisha niitengeneze, akitaka nimtembelee miezi ya baridi.

Kanisa lilinitafutia viza na tikiti. Uwanja wa ndege wa Nairobi nilikaa katikati ya wasichana waliovaa fulana za rangi moja, wanapelekwa kufanya kazi za nyumba. Walikuwa wakipigana picha. Mmoja aliyekaa karibu nami akaniita shosho, yaani bibi, akaniuliza, "Shosho, na wewe unaenda kazi?"

"Naenda kuchukua mtu."

"Amemaliza kandarasi?"

"Amemaliza."

Akanipa peremende. Sikumwambia zaidi, alikuwa bado mtoto na alikuwa anaogopa ndege.

Dubai tulishuka asubuhi. Mlango wa nje ulipofunguka, nilidhani nimesimama nyuma ya lori linalonguruma. Hewa yenyewe ilikuwa moto. Sisi Wakamba tunajua jua, lakini jua la kwetu lina kivuli. Kule hata kivulini unapikwa. Nilipokewa na Wambui, msichana wa Nyeri anayesafisha vyumba kwenye hoteli ndogo mtaa wa Al Muraqqabat. Alikuwa akisali na Kioko katika ushirika wao wa Wakenya. Chumba chake analala na wanawake wengine, vitanda vya juu na chini, kila kimoja kimezungushiwa pazia.

"Cha chini ni chako, shosho," akasema. "Na usifungue dirisha, hata ukihisi umefungwa kwenye jokofu."

Nilimuuliza wanaishije hivyo, ndani baridi ya mashine na nje tanuri. Akasema, "Tunazoea. Ikizima ndio utajua hujui."

Kesho yake tukaenda mahali wanapoweka maiti. Walitaka mtu wa damu amtambue. Sikulia. Nilimwambia kijana wa pale ashushe shuka, nikamwangalia mjukuu wangu shingoni, mbele na nyuma. Nikamwangalia mikono. Hapakuwa na alama ya kamba wala ya kisu. Alikuwa amekonda kuliko alivyoondoka. Midomo ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyetembea siku nzima bila maji. Daktari akaja, akasema maneno kwa Kiingereza, na Wambui akaniambia, "Anasema moyo ulisimama."

"Mwambie moyo wa kila maiti umesimama. Namuuliza wa huyu ulisimamishwa na nini."

Wambui hakumwambia hivyo. Aliniambia tu, "Shosho, twende."

Ijumaa, watu walipokuwa na mapumziko, tulienda Discovery Gardens kwenye nyumba aliyokuwa akikaa. Majengo ni mengi na yanafanana, na Wambui mwenyewe alipotea mara mbili. Mlangoni viatu vilikuwa vimejaa kama vya msibani, lakini Wambui akasema hivyo ndivyo vya kila siku, wanakaa wengi kuliko wanavyoruhusiwa. Siku hiyo walikuwapo wawili tu, wengine wametoka makusudi. Mmoja ni Otieno, wa Siaya, mlinzi wa kampuni moja na Kioko. Wa pili ni Rashidi, Mzanzibari anayepakia mizigo bandarini Al Hamriya, alikuwa ndiyo kwanza anarudi msikitini na kanzu yake.

"Shikamoo bibi. Pole sana. Karibu ukae, karibu chai."

"Marahaba. Chai nitakunywa baadaye. Kioko alifia wapi?"

Otieno akawahi. "Kwa kitanda, shosho. Hiki hapa. Alitoka job amechoka, akalala, hakuamka."

Kitanda chenyewe kilikuwa kile cha juu kabisa, ngazi yake imelegea. Nilimwangalia Rashidi. Alikuwa akikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Na nani alipiga simu kwetu akasema amejifungia?"

Rashidi akaendelea kukoroga. Halafu Otieno akasema, "Shosho, kabla ya hayo, acha tukuonyeshe kazi yake ya mwisho. Hajawahi kuituma. Tumekuwekea." Nilijua ananizungusha, lakini nilitaka kuisikia ile sauti. Nikakubali.

Wakaiwasha kwenye televisheni ya ukutani. Ilikuwa filamu ya kuchekesha ya nchi ya Ulaya inayoitwa Cheki, inawadhihaki wale wapelelezi wa hadithi za zamani. Kuna jumba kubwa, kuna tajiri amekutwa amekufa chumbani, na mlango umefungwa kwa ndani. Anakuja mpelelezi mwenye masharubu ya bandia na kioo cha kukuzia vitu kikubwa kama sufuria. Kila anayemwona anamshika. Amemshika mpishi, amemshika padri, amemshika mbwa. Na juu yake sauti ya Kioko, safi kabisa, kana kwamba yuko chumbani nasi: "Watu wangu, huyu mnayemwona alikuwa naibu chifu kule Mwingi, akafutwa kazi kwa kupenda chapati za ushahidi! Angalieni anavyomhoji mbwa. Mbwa, jana jioni ulikuwa wapi? Mbwa anasema yeye hana simu!"

Wambui alicheka, kisha akaziba mdomo akaanza kulia. Mimi nilikaza macho.

Filamu ikaendelea mpaka yule mpelelezi akawakusanya wote chumba cha kulia chakula, anamnyoshea huyu kidole, anamnyoshea yule. Kila anayenyoshewa anaungama dhambi yake nyingine ndogo, huyu ameiba kijiko, huyu amemdanganya mkewe. Hapo sauti ya Kioko ilikuwa imebadilika. Ulimi umekuwa mzito. Anavuta pumzi kama mtu anayepanda kilima na gunia. "Ngojeni kidogo, watu wangu," akasema, "niifute hii jasho, imeingia machoni. Halafu namtaja muuaji. Msiende popote."

Kisha hakusema tena. Picha zikaendelea, wale Wazungu wanabwata kwa lugha yao, na hakuna anayewasimulia. Otieno akachukua rimoti.

"Acha iishe," nikamwambia.

Tuliitazama mpaka mwisho. Mpelelezi alimtaja mtu, watu wakapiga makofi. Mpaka leo sijui nani alimuua yule tajiri.

Ilipokwisha, nikasema, "Yule wa kwenye picha aliwaweka wote chumba kimoja akauliza. Nami nimewapata hapa. Sitamshika mbwa. Otieno, mtu aliyelala kitandani anasimulia filamu saa ngapi?"

Otieno akainamisha kichwa. Rashidi ndiye aliyesema. "Bibi, hakufia kitandani. Alifia stoo. Khalas, nimesema."

Walinionyesha. Ni kijichumba cha kuwekea mifagio, hakina dirisha, ukikaa chini magoti yanagusa ukuta. Alikuwa ameangika mablanketi pande zote ili sauti isipige mwangwi. Mlango alikuwa akiufunga kwa komeo ili mtu asije akaufungua katikati ya maneno. Na kiyoyozi cha nyumba nzima alikizima. Alikuwa ametoka kusimama juani kutwa.

"Mlango ulivunjwa na mimi," akasema Otieno. "Niligonga, niliita. Nilipompata alikuwa ameshapoa... hapana, hakupoa, ndio shida. Alikuwa moto kama mkate. Tukambeba tukamlaza kitandani. Tuliogopa, shosho. Polisi wakiona watu wanakaa mpaka stoo, mwenye nyumba anatutupa nje sote, na kampuni inatufukuza. Lakini kwenu nilikuwa nimeshapiga simu, nimechanganyikiwa, nikasema tu alijifungia. Sikujua mtaelewa vile."

"Na kiyoyozi alikizima kwa nini? Alikuwa akisimulia na kikiwa kimewashwa, nimesikia zile za zamani."

Wakatazamana. Rashidi akasema polepole, "Walimlalamikia wa nyumbani, bibi. Ile filamu ya nyuma, ngurumo ya kiyoyozi ilimeza maneno. Wakamwandikia wakimcheka, eti anasimulia akiwa ndani ya kinu cha unga. Alituonyesha, akacheka naye. Lakini ilimchoma. Akasema hii ya mpelelezi wataisikia mpaka mate yanavyomezwa."

Hapo, vijana, ndipo nilipotaka mfike. Sikuja na majina. Mlioandika mnajijua. Siwaambii mlimuua, maana hata wale wawili waliomficha hawakumuua, wala bwana wa kampuni aliyemsimamisha juani bila kivuli hatanyoshewa kidole na mtu yeyote. Kila mmoja alitia kidogo. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kufa kwa vidogo vidogo vya watu wanaompenda, na hapatokei mpelelezi wa kuvijumlisha. Nanyi mjifunze kumuuliza mtu aliye mbali anavyoishi, si kumhesabia makosa tu.

Habari ya polisi niliwaachia wenyewe. Nikawaambia, "Mkienda, mmefanya haki. Mkiogopa, mtakaa na hofu yenu. Mimi ninataka jambo moja. Otieno, mpigie mchungaji wetu sasa hivi, umwambie ulivyoniambia, kwa sauti yako." Alipiga. Alisema yote, analia. Na Rashidi akaweka ile sehemu ya mwisho karibu na simu, mchungaji akaisikia: msiende popote. Mtu anayetaka kufa haombi watu wamngoje.

Jumapili nilirudi na Kioko kwa ndege, mimi juu kwenye viti, yeye chini kwenye mizigo. Wambui alinisindikiza mpaka pale anaporuhusiwa. Alinishika mkono akauliza, "Shosho, uko sawa?" Nikamwambia hapana, na arudi kazini asije akakatwa siku.

Tulifika nyumbani mchana. Mchungaji alikuwa uani na kwaya. Wazee wa ukoo nao walikuwapo, wamekaa upande wao, na Nzioka, mkubwa wao, hakunyanyuka. Nilimweleza yote mbele ya watu. Akasema, "Joto? Mkamba anauawa na joto? Mama, umetungiwa hadithi huko. Shimo limeshachimbwa kule korongoni." Wengine wakaitikia. Nilingoja waishe. Kisha nikawapa mgongo, nikawaita wanangu na wajukuu kwa majina, nikawaambia, "Shamba hili ni langu mpaka nife. Lile shimo la korongoni lifukieni. Chukueni majembe, chimbeni hapa karibu na Mutua, na mwanze sasa hivi watu wakiwa wanawaona."