Kikao cha Bodi, Sehemu ya Tatu

Pale kazini walimwita Mama Futa, wala hakuwa na kinyongo, maana kufuta ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alikuwa mtunzaji wa seva ya pamoja: sanduku jeusi la ukubwa wa friji ndogo, limefungiwa kwenye chumba cha baridi mwisho wa korido, ambamo kila video iliyopigwa na kampuni iliingia. Wahariri sita walikata na kuunga humo humo, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Na kama kabati lolote la watu sita, halikuwahi kuwa na nafasi.

Tatizo halikuwa kazi, tatizo lilikuwa watu. Huyu kaweka harusi ya binamu yake, yule kaweka mechi za mpira za misimu mitatu. Walipong'amua kwamba Mama Futa anafagia kila Jumatano, wakaanza kuyapa mafolda yao majina ya kujihami. La kwanza liliitwa USIFUTE. Mwezi uliofuata likaja USIFUTE TAFADHALI. Mwishowe akakuta moja limeandikwa USIFUTE NINA WATOTO. Alilifungua, hakuona mtoto hata mmoja, akalifuta.

Kanuni zake zilikuwa mbili, amezibandika ukutani kwa gundi ili mtu asijesema zimepeperuka. Ya kwanza: vitu vya nyumbani haviingii kwenye seva. Ya pili: video ikishapanda kwenye tovuti ya mteja, aliyeipandisha afute ile ya asili siku hiyo hiyo. Kwingine hiyo ya pili wangeiona wazimu. Kwingine wana nafasi.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba mvunjaji mkubwa wa kanuni ya kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Miaka sita alikuwa ameficha humo video ya dakika kumi na moja ya mdogo wake, aliyoipiga kibarazani kwa mama yao wiki tatu kabla mdogo huyo hajafariki. Nakala nyingine haikuwepo. Simu huibiwa, alijiambia, seva ina mlinzi mlangoni. Aliipa jina la Kikao cha Bodi, Sehemu ya Tatu, akiamini kwamba duniani hapa hakuna atakayefungua kitu kama hicho kwa hiari yake. Hata yeye hakuifungua. Aliitazama mara moja tu, baada ya mazishi, ikamshinda. Tangu hapo kazi yake ikawa kuihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine na kuhakikisha ipo.

Jumatatu moja, saa nne kasorobo asubuhi, Mkurugenzi aliingia bila kubisha, simu sikioni.

"Mama, shirika la maji wako hewani. Wanasema kwenye tovuti yao kuna mwanamke anachambua maharage."

"Maharage?"

"Sehemu ya tatu ya kikao chao cha bodi. Dakika kumi na moja. Maharage."

Mama Futa alikuwa ameshaanza kuifungua tovuti ile.

Maelezo alikuwa nayo mhariri wa dirishani, bwana mmoja mpole, mwenye kazi safi, ambaye mteja huyo alikuwa wake. Mkononi alikuwa na sehemu ya kwanza, ya pili na ya nne. Ya tatu aliitafuta kwenye seva, akaikuta.

"Hukuitazama kwanza?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Kikao cha bodi, bosi?" mhariri alijibu kwa mshangao wa kweli, na hata Mkurugenzi aliona hapo ana hoja.

Alikuwa ameipitisha kwenye programu ya kusafisha sauti kama wenzake wote, akaipandisha Ijumaa mchana, kisha akafuta ile ya asili. "Si nilifuata kanuni yako, mama," alisema, akionyesha ukutani.

Kwa hiyo nakala pekee iliyobaki ilikuwa kwenye tovuti ya shirika la maji. Watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wameitazama mpaka mwisho. Sehemu ya kwanza ilikuwa imemalizwa na mtu mmoja, na inasemekana ni mwenyekiti. Chini ya video, mwananchi fulani alikuwa ameandika: "Leo ndiyo nimeielewa bodi."

"Iondoe," alisema Mkurugenzi. "Wananisubiri."

Kwenye tovuti ile kuondoa ni kuondoa, ikitoka hairudi. Mama Futa alipeleka mshale wa kompyuta kwenye neno Ondoa, akauacha hapo.

"Nipe dakika mbili niipakue kwanza."

"Ya nini?"

Angeweza kudanganya. Angesema ni kumbukumbu za ofisi, na yeye angesadikiwa kuliko mtu yeyote kwenye jengo lile.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Marehemu. Nimemficha humu miaka sita. Sina nyingine."

Mhariri wa dirishani alitazama viatu vyake. Mkurugenzi alizitazama zile kanuni, akamtazama mwenye kanuni, kisha akaiambia simu kwamba mtandao unasumbua kidogo.

Akaipakua. Na kwa mazoea ya kazi, faili ukishalipakua ni lazima ulifungue uone kama limekamilika. Akalifungua, akasogeza mbele kidogo.

Siku ile ya kupiga video kule kibarazani mvua ilipiga bati kisawasawa, na ile mara moja alipoitazama alisikia mvua tu, midomo ya mdogo wake ikichezacheza bila neno. Sasa mvua haikuwepo. Programu ilikuwa imeitoa yote, kama inavyotoa feni na viyoyozi kwenye vikao vya bodi. Sauti ilitoka kwenye spika safi kabisa.

"Dada, weka hiyo kamera chini. Njoo ukae na mimi."

Mama Futa alianza kulia, waziwazi, mbele ya watu wa kazini. "Sikumsikia," alisema. "Naapa, siku ile kwa mvua sikumsikia."

Picha haikutikisika; kamera hakuwa ameiweka chini. Kwa dakika nne nzima ilibaki pale pale, imetulia, imekaa sawa kwenye fremu, kazi ya mtu anayeijua kazi yake. Mdogo wake aliitazama kamera, akangoja jibu kidogo, kisha akainama akaendelea na maharage.