Wimbo wa Kufunika Neno la Siri

Juzi, katika chumba cha intaneti kinachoendeshwa na vijana wa kwaya hapa Moshi, aliingia mama mmoja kutoka Kilema. Binti yake alikuwa hospitalini ng'ambo, akingoja kujifungua kwa upasuaji, na habari zingekuja kwa barua pepe.

"Shikamoo, mama. Ninong'oneze neno lako la siri nikufungulie barua pepe," alisema msichana wa zamu.

"Kunong'ona ni kazi ya wachawi, mwanangu!" Sauti yake ilikuwa ya kuitana mgombani. Akavuta pumzi ili alitaje neno lenyewe.

Hapo kijana mmoja akainua mkono, na chumba kizima kikaanza kuimba kwa nguvu, macho ukutani. Nikauliza kulikoni.

"Tumekubaliana wenyewe," jirani yangu alijibu kati ya beti. "Mwezi uliopita mtu alisoma barua isiyo yake, habari zikafika kijijini kabla mwenyewe hajazisoma."

Hakuna sheria iliyotuamuru, wala askari mlangoni. Nami nikashika besi.

Tulipomaliza, msichana alimsomea mama barua yake sikioni. Mama akaruka. "Wamepona wote wawili! Ni wa kiume!" Nadhani hata Kahe, kule tambarare, walisikia.

Siri yake tuliifunika sisi. Furaha aliifunua mwenyewe, na ndivyo inavyopaswa.