Fimbo Mbili za Mama Mauza

Mama yangu, Mauza binti Ubeid, anauza vitambaa Kariakoo mwaka wa thelathini na moja sasa. Mezani kwake kuna fimbo mbili za kupimia, ya yadi na ya mita. Yadi ni fupi kwa inchi tatu na ushee. Aliwahi kumfukuza muuzaji wake, Kasmir, mbele ya wateja, kwa kupima kwa yadi huku akitaja mita. "Toka dukani kwangu!" Mtaa mzima ulisikia.

Mama ana presha ya macho. Nyuma ya jicho, mshipa wa kuonea huanzia kwenye duara dogo lenye kishimo katikati. Presha ikizidi, kishimo hupanuka, mshipa hufa taratibu, na kilichokufa hakirudi. Ndiyo maana kila mwaka kishimo hupimwa. Hospitali yake ya zamani ilipima ikasema kimechukua sehemu sita kati ya kumi za duara.

Mwaka uliofuata nikamhamisha. Ni mimi, Arwa, bintiye, na sehemu ya hasira yangu katika kisa hiki ni juu yangu mwenyewe. Kliniki mpya ilikuwa karibu na Mnazi Mmoja, ina kiyoyozi na mashine ya kisasa, nami nikaona kipya ndicho bora, kama tunavyowaambia wateja wetu. Mashine ikatoa sita ya kumi ileile. Daktari Allan akaweka karatasi ya zamani na mpya pamoja, akatabasamu.

"Mama, hakuna kilichobadilika. Ulikuwa unatumia matone ya aina mbili, sasa tubaki na moja."

Tukafurahi kama wajinga. Miezi minane baadaye mama akawa anajigonga kwenye marobota ya vitambaa ya upande wa kushoto, akiwalaumu wapagazi kwa kuyapanga ovyo. Nikamrudisha hospitali ya zamani. Mashine yao ikasema nane ya kumi. Joyceline, fundi wa vipimo, alitazama karatasi zetu zote akauliza swali moja tu.

"Hiki cha katikati mlipima kwa mashine gani?"

Nikamtajia. Akashusha pumzi. "Dada, ile inasoma chini kuliko yetu. Sita yake kwetu ingekuwa zaidi. Kila mashine ina namna yake ya kuamua kishimo kinaanzia wapi. Namba zake hazilinganishwi na zetu hata siku moja."

Miezi minane ya dawa nusu, kwa sababu mtu aliyesoma hakuuliza swali hilo!

Kesho yake mama alizifunga fimbo zake kwenye kanga, tukaenda kwa Allan.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Sijawahi kumwona akiacha shikamoo ya mtu hewani. Alizilaza fimbo mezani, ncha za kulia kwake zikiwa sawa.

"Hizi zinalingana?"

"Hapana, mama. Lakini mashine zote mbili ni nzuri, ila tu—"

"Sijakuuliza uzuri! Hata yadi ni nzuri. Wewe umenipima kwa yadi ukanisomea mita. Kasmir nilimfukuza kwa kitambaa tu, wewe umenikatia macho!"

Allan akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nimekosea."

"Hujaona bado ulipokosea. Nionyeshe zinapopishana."

Akanyoosha kidole hadi ncha ya kushoto kwa mama, pale mita inapoizidi yadi. "Hapa, mama."

Mama alikuwa amezikodolea macho fimbo zake mwenyewe.

"Hapa wapi?" akauliza, akipapasa meza.