Kihenge cha Bibi Kivukoni Busisi

Juzi, nikivuka daraja la Busisi, niliona pikapu imebeba kihenge, lile kapu kubwa la kuhifadhia nafaka. Nikakumbuka alasiri moja kivukoni hapo, harufu ya dagaa na moshi wa injini, bibi amekumbatia kihenge chake tukielekea kwetu Igogo. Kila aliyepita alilazimika kukikwepa.

"Bibi, hiki ni *cumbrous*," nilisema kwa sauti, nikijivunia neno la Kiingereza cha kizamani alilotufundisha mwalimu.

"Ndiyo nini, mjukuu wangu?"

"Kitu kinachosumbua kubeba, hata kama si kizito."

"Umesikia, bibi? Msomi kashasema!" alidakia muuza samaki, na foleni nzima ikacheka.

Bibi hakucheka. Alimwachia muuza samaki kihenge, tukapanda pantoni mikono mitupu.

Nilidhani nimempunguzia mzigo. Sikujua kwamba mwanamke wa kwetu habebi kihenge akienda kutembea, hukibeba anapohama. Mama alikuwa amemwomba aje tuishi naye.

Tulipofika nyumbani, mama alimuuliza kihenge kiko wapi.

"Nimekuja kuwasalimia tu, mwanangu," bibi alijibu. "Kesho narudi."